Ng'onda wa Nyumba Yetu

Shuleni walikuwa wakiniita Ng'onda. Shati langu jeupe lilianikwa ua mmoja na samaki wa Bibi, na hata ungelifua kwa sabuni gani, darasani harufu ilinitangulia. Siku moja nikarudi nalia, nikamwambia Bibi nataka kuhamia kwa shangazi, Dar. Akaniuliza, "Mume wangu, hayo madaftari umenunuliwa kwa kitu gani?" Sikujibu. Jibu lilikuwa limelala pale juu ya uchanja, limepasuliwa mgongoni.

Nyumba yetu ya Makurunge imekula na kuvaa kwa samaki wa chumvi tangu enzi za mama yake Bibi. Sisi si wavuvi, na hapo wengi huchanganya. Kazi yetu huanza pale ya mvuvi inapokwisha. Alfajiri baba mdogo alishuka kwa baiskeli hadi mnadani Bagamoyo, akarudi na tenga kabla jua halijawa kali. Wateja nao walitoka bara, Kiwangwa, Msata, Lugoba, wengine Morogoro kabisa. Bagamoyo ni mji uliozoea kufunga mizigo ya kwenda mbali. Katika karne ya 19 misafara iliyokwenda hadi Ujiji ilianzia pale, na msafiri wa njia ile hakubeba samaki mbichi.

Ukimwangalia Bibi akifanya kazi ungedhani ni rahisi. Samaki hupasuliwa kwa mgongo, si kwa tumbo, afunguke kama kitabu na nyama nene ipate chumvi kwanza. Matumbo na mashavu yanatoka, damu iliyoganda kwenye uti inakwanguliwa kwa ncha ya kisu, maana uozo huanzia hapo. Anaoshwa kwa maji ya bahari. Kisha anapakwa chumvi na kupangwa ndani ya pipa, ngozi chini, chumvi juu, safu kwa safu, na jiwe linawekwa kileleni. Asubuhi unakuta anaelea katika maji yake mwenyewe. Chumvi imeyanyonya kutoka mwilini mwake, nayo imeingia mahali pake. Nguru mnene alikaa siku mbili, kibua usiku mmoja tu. Ndipo anasuuzwa na kupanda uchanjani, na kila saa kuna mtu wa kumgeuza na kufukuza mainzi. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Chumvi ilikuwa ya mawe, kutoka mashamba ya Kitame, na Bibi hakuitumia ikiwa mpya. Chumvi iliyovunwa juzi ina maji machungu ndani yake. Yeye aliliacha gunia juu ya magogo miezi kadhaa, likidondosha tone kwa tone, na kabla ya kulifungua alitia punje moja ulimini, akafumba macho. Ile ya pakiti yenye madini joto aliipikia mboga. Kwa samaki hakuitaka, alisema ni laini mno, inakimbia kabla haijafanya kazi.

Sasa nifike pale ninapopaona aibu kupasimulia.

Ilikuwa mvua za El Nino, mwishoni mwa 1997 kuingia 1998. Jua hatulioni, samaki wakiwekwa uchanjani wanavuta unyevu badala ya kuutoa, na barabara ni tope tupu. Baba mdogo akalazwa na malaria, Bibi akaenda msibani kwa jamaa zake, mimi nikapewa pesa za mnada. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Njiani kulikuwa na banda la video, siku ile wanaonyesha picha ya Kihindi, yaani zile za saa tatu nzima. Nilipotoka, mnada umekwisha. Akabaki muuzaji mmoja na changu waliolala tangu jana, mashavu yameshaanza kuwa ya kahawia. Akaniuzia nusu bei. Nusu iliyobaki nikaitia mfukoni.

Nyumbani nikawapasua haraka haraka na kuwamwagia chumvi maradufu. Nilijidanganya kuwa chumvi ni chumvi, itafunika. Bibi aliporudi alikuta pipa limeshafunikwa, jiwe juu yake, akanishukuru. Wallahi, alinishukuru! Nadhani hapo ndipo nilipotakiwa kusema.

Wiki mbili baadaye mama mmoja wa Lugoba alirudi na mzigo wake kichwani. Hakupiga kelele. Alimwamkia Bibi, akakaa mkekani, akamkunjua samaki mmoja na kukwangua karibu na uti kwa ukucha. Nyama ikadondoka kama unga wa muhogo. Bibi alinusa, akanitazama mara moja tu. Akaingia ndani, akatoka na pesa yote, na nauli ya kuja na kurudi. Samaki tukawazika nyuma ya mnazi, mimi nikichimba. Jioni akasema, "Chumvi haifufui." Basi, si zaidi. Lakini tangu siku ile, kila tenga lilipofika aliniita. "Nusa." Nanusa. "Wa lini?" Nikikosea, nanusa tena.

Bibi alifariki mwaka 2009. Baadaye barabara ya kwenda Msata ikawekwa lami, gari la barafu likawa linafika bara mchana uleule, na baba mdogo akanunua friza. Simlaumu, kwani samaki mbichi analipa upesi na hahitaji mtu wa kufukuza mainzi. Tatizo ni wale wanaobaki. Friza ikijaa, au umeme ukikatika siku mbili, ananiambia, "Hawa si tuwatie chumvi tu, mwanangu? Jina la mama bado linauza." Ni kweli linauza. Tumegombana juu ya hilo hadi akakaa mwezi hapokei simu yangu.

Kwa hiyo siku hizi ninakwenda mnadani mwenyewe, mwisho wa juma, nanunua kidogo. Faida yake nikiitaja mtacheka.

Jumapili iliyopita alikuja mteja, mama wa makamo, nikamwamkia. Akamchukua nguru mmoja, akambonyeza mgongoni, akamsogeza puani.

"Huyu aliingia chumvini lini?"

"Siku ileile aliyovuliwa, mama."

Akanitazama, akanusa tena, taratibu. Kisha akaanza kufungua fundo la kanga yake.