Tukitembea Barabara ya Samora

Barabara mashuhuri hubadili jina kila dola inapobadilika. Barabara ya Samora, katikati ya jiji la Dar es Salaam, ni shahidi mwema wa jambo hilo. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, yaani chini ya migunga. Waingereza wakalifasiri jina hilo kwa lugha yao. Baada ya mwaka 1961 ikapewa jina la uhuru. Na sasa yabeba jina la Samora Machel, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Msumbiji mwaka 1975.

Sisi tutokao ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, tupatapo nafasi ya kufika huko, hupenda kuanzia penye Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na Makumbusho ya Taifa, kisha twaenda polepole kuelekea Mnara wa Saa. Mwalimu wa Kiswahili atataka mwanzo gani ulio bora kuliko huo?

Njiani twasimama mbele ya Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Kabla yake mji ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyevunja upinzani wa watu wa pwani ulioongozwa na Abushiri, aliyenyongwa Pangani mwaka 1889. Katika sanamu hiyo ya mwaka 1909, askari Mwafrika aliwekwa chini, akimtazama bwana wake aliye juu. Waingereza waliiondoa, nao baadaye wakamsimamisha askari juu ya jiwe peke yake, bunduki mkononi.

Lakini yuko wapi mpagazi? Maandishi ya jiwe humtaja, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ila umbo lake halipo. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na uchovu. Wa upande wetu wa Kongo walibeba mizigo ya jeshi la Wabelgiji hadi Tabora, mji uliotekwa Septemba 1916. Wengi wao hatuyajui hata majina.

Lugha ndiyo iliyomhifadhi. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps. Wasemaji wa Kiswahili wakakiita Kariakoo, na mahali kilipopiga kambi, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, pakabaki na jina hilo hadi leo. Wanunuzi wa sokoni hulitamka kila siku, na wachache hukumbuka kwamba wamtaja marehemu.

Ndugu walimu, sanamu ya Wissmann ilipelekwa Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wakaiangusha. Shaba huanguka, na barabara hubadilishwa jina. Neno huishi zaidi, lakini maana yake hufa likikosa wa kulieleza. Basi, siku mwanafunzi atakapouliza Kariakoo ni nini, tusimjibu kwamba ni soko, tukanyamaza.