Nilidhani Mchanganyiko Hausemi

Kwa miaka tisa nilikuwa negosian, mnunuzi wa kati wa madini. Koltani, madini ya tantali, ya Rubaya kule Masisi, mashariki mwa Kongo, niliinunua kwa jicho na kiganja. Kasiterite, madini ya bati, ya Walikale ilinifikia baada ya kubebwa mgongoni msituni kutoka Bisie hadi Njingala, magunia ya kilo 50.

Nakiri: nilichanganya. Koltani ya shimo lililokatazwa niliimwaga juu ya ile yenye lebo halali, nikakoroga kwa koleo, nikashona gunia. Nilijiambia mchanga ukishachanganyika hauna kwao tena.

Aliyenitikisa ni mtoto wa dada yangu, mwanafunzi wa kemia Bukavu.

“Mjomba, hukuficha kitu. Umeziweka tu punje za nyumba mbili kwenye sahani moja.”

Akanieleza kwamba ndani ya kila punje niobi na tantali zimeshikana na chuma na manganizi kwa viwango vilivyopangwa jiwe lilipopoa, karibu miaka bilioni moja iliyopita. Koleo langu halifiki humo. Taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, imejenga juu ya jambo hilo njia ya kutambua asili ya madini, punje kwa punje.

“Na ukisaga ikawa unga?” nikamuuliza.

Hapo akanieleza mtandao wa neva. Ni programu inayofundishwa kwa mifano. Unaipa vipimo vya unga uliouchanganya mwenyewe, sehemu saba za shimo hili, tatu za lile. Inakisia, ikikosea, inarekebisha uzito wa viungo vyake vya ndani, inakisia tena, maelfu ya mara, hadi izoee jinsi elementi nyingi zinavyopanda na kushuka pamoja. Lakini shimo ambalo haikuonyeshwa hailijui. Unga wake itaupa jina la shimo jingine.

Neno hilo lilininyima usingizi. Gunia langu lenye jina la uongo lingeweza kuwa mfano wa kufundishia. Mashine ingejifunza uongo wangu, kisha iurudie juu ya mchimbaji asiye na kosa.

Tangu hapo, kabla ya kushona gunia nilichota kikombe kimoja, nikatia kwenye chupa, nikaandika shimo, kilima na tarehe, mchimbaji mwenyewe akitazama. Wateja wawili waliniacha. Waasi wa M23 walipochukua Rubaya, Aprili 2024, nilikuwa na chupa 212, nikazibeba zote hadi Goma. Ya kwanza kabisa niliichota kwenye gunia langu la zamani. Juu yake nimeandika: mchanganyiko, sijui kwao.