Katavi, kabla na baada ya lami

Zamani safari ya Katavi kwetu ilianzia stesheni ya Tabora. Mjomba alikuwa anaishi Mpanda, na barua zake zilirudia neno moja: njoo kiangazi, Septemba hivi, usithubutu masika. Mvua za Novemba zikishaanza, udongo mweusi wa mbugani hunasa magari, nao wanyama hutawanyika porini kwa kuwa maji yako kila mahali.

Basi tarehe haikutusumbua. Iliyotusumbua ni njia. Treni iliiacha reli kuu Kaliua na kushika tawi la Mpanda, ambalo wakoloni walilijenga kwa ajili ya madini ya risasi, si kwa sisi watazama viboko. Saa ya kufika hakuna aliyeiahidi. Kutoka Mpanda ulivizia lori la Sumbawanga, ukashuka Sitalike, langoni mwa hifadhi, ukiwa mwekundu kwa vumbi. Mjomba alinivua shati langu la bluu kabla hatujaondoka. Mbung'o, alisema, wanaipenda rangi hiyo, na mbung'o wa Katavi hawakung'ati kwa utani.

Mto Katuma nilioukuta ulikuwa umebaki madimbwi, na viboko wamebanana humo mgongo kwa mgongo, wakigombana na kutoa harufu inayokufikia kabla hujawaona. Mamba walikuwa wamejichimbia kwenye kingo. Mbele zaidi, karibu na Ziwa Katavi, tulionyeshwa mkwaju wa Katabi, mzimu ulioipa hifadhi jina. Mjomba, mtu wa kanisani kabisa, alivua kofia.

Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa. Lami ikaja kutoka Sumbawanga, kisha kutoka Tabora. Siku hizi hakuna anayevizia lori, na kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo, si kwa noti zilizokunjwa soksini. Hayo yote ni nafuu, na anayeyalilia malori hakuwahi kulala juu ya magunia.

Ila sasa tarehe ndiyo imekuwa kitendawili. Huko juu maji ya Katuma yanachepushwa kwenda mashamba ya mpunga, na mto uliokuwa ukipungua taratibu hadi Oktoba siku hizi waweza kukauka mapema zaidi, viboko wakabaki kwenye tope zito. Siwalaumu wakulima kirahisi; ubwabwa wa kwa mjomba nao ulitoka shambani kwa mtu.

Mpwa wangu anapanga kwenda, na simu yake inamwambia Oktoba, viboko wakiwa wamebanana. Nimemshauri Agosti: hawatajaa dimbwi moja, lakini atawakuta majini. Tena apige simu Sitalike kwanza, aulize maji yamefika wapi pale kwenye daraja la Katuma. Amekubali Agosti. Bei ya gari la kukodi bado anavutana na dereva.