Sherifu Asiye na Jina: Kumsoma Hakluyt kutoka Kibugu

Katika jadi ya uhakiki tuliyoirithi, maandishi hupewa hadhi ya ushahidi, ilhali masimulizi ya mdomo huhesabiwa kuwa malighafi ingojayo kuthibitishwa. Mimi niliyelelewa Kibugu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, sijawahi kuridhika na mgawanyo huo. Mkusanyo wa Richard Hakluyt wa safari za Waingereza baharini unazidi kunitia shaka.

Hakluyt alikuwa kasisi ambaye mwenyewe hakusafiri mbali zaidi ya Ufaransa. Toleo la kwanza la mkusanyo wake lilitoka London mwaka 1589. La pili, lenye majuzuu matatu, lilitoka kati ya 1598 na 1600. Humo mna habari za James Lancaster, ambaye merikebu yake, Edward Bonaventure, ilitia nanga Unguja mwishoni mwa 1591 ikakaa hadi Februari 1592. Wanahistoria wa pwani huitumia habari hii kama hati. Hata hivyo, kichwa chake chenyewe kinakiri kuwa Hakluyt aliiandika kutoka kinywani mwa Edmund Barker wa Ipswich, msaidizi wa Lancaster, ambao walirejea Uingereza mwaka 1594. Hii basi ni fasihi simulizi! Pana msimulizi, pana msikilizaji mwenye kalamu, na pana miaka zaidi ya miwili baina ya tukio na usimulizi wake.

Tutazame anavyosimulia. Wenyeji, asema Barker, waliwaarifu kwamba Wareno wamewavumishia Waingereza kuwa ni wala watu. (Msomaji wa Kiafrika ataruhusiwa kutabasamu hapa.) Kisha anatokea sherifu mmoja, ambaye Waingereza walimweka merikebuni. Barker asisitiza kwamba walimtendea kwa adabu. Lakini papo hapo aeleza kuwa mfalme, aliyewaheshimu mno watu wa dini, alitoa chakula cha miezi miwili ili aachiliwe. Adabu gani hiyo yenye fidia? Nahodha ana jina, msaidizi ana jina, hata merikebu ina jina. Sherifu hana, wala mfalme wake.

H. S. K. Mwaniki aliwasikiliza wazee wa kwetu, na mwaka 1973 akachapisha historia ya Embu na Mbeere hadi 1906. Kwa mbinu, sioni tofauti kubwa baina ya kazi yake na aliyoifanya Hakluyt mbele ya Barker. Hata hivyo, Mwenendega, mzazi wa Waembu katika masimulizi yetu, huitwa ngano, na Barker huitwa chanzo.

Sherifu naye aliporudi nchi kavu bila shaka aliulizwa yaliyompata, akasimulia kwa lugha yake, mbele ya watu waliomjua kwa jina. Hapakuwa na Hakluyt barazani.