Jina la Ukoo na Mate ya Mjomba

Mpwa wangu aishiye Uingereza ameniomba ushauri: anunue kipimo kipi cha vinasaba ili alifuatilie jina la ukoo wetu? Vipo vya aina tatu. Cha kromosomu Y hufuata mstari wa baba na mwanawe wa kiume. Cha mitokondria hufuata upande wa mama. Cha jumla hukusanya pande zote, ila nguvu yake hufifia baada ya vizazi vichache. Kwa jina, hutumika cha Y. Lakini yeye ni mtoto wa dada yangu. Y yake ni ya shemeji, mtu wa Tanga. Mate yanayotakiwa ni yangu mimi mjomba.

Nami nasita. Kipimo hicho kina maana Uingereza, ambako jina moja limerithiwa kwa karne nyingi. Kwetu Kariakoo (mahali palipoitwa hivyo kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza) jina la tatu mara nyingi ni la babu tu, likaganda pale karani wa shule alipoliandika. Babu yetu alikuwa Mmanyema, wa kizazi cha watu walioletwa na misafara kutoka mashariki ya Kongo, baadhi yao wakiwa watumwa. Jina alipewa na mzee aliyemlea. Je, ndiye aliyemzaa? Y yangu pekee haitajibu. Itabidi ilinganishwe na ya wajukuu wa kiume wa mzee huyo, ambao wana sehemu yao katika nyumba ya Kariakoo isiyogawanywa hadi leo. Madalali wanaijua bei ya kiwanja kile kuliko sisi.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani yetu. Y zao nyingi zilielekea Asia, hasa Uajemi. Mitokondria zao karibu zote Afrika. Angepima Y peke yake mtu angewafuta bibi zetu wote.

Nimemshauri mpwa wangu aanze na mitokondria. Hiyo ni ya mama yangu, anayo tayari, wala haimhitaji mjomba. Kuhusu Y, Ijumaa baada ya sala nitakwenda kwa baba mdogo, nimweleze majibu yanaweza kusema nini, na nani atayasoma. Akikataa, sitatoa mate.