Aya, Nafasi Tupu na Ritifaa: Matini ya Kiswahili Inapohamia Tovutini

Mwandishi wa hadithi anayeipeleka kazi yake kwa mara ya kwanza katika tovuti ya waandishi aghalabu hupatwa na mshangao. Aya alizozipanga kwa makini katika kompyuta yake zimeshikana na kuwa bonge moja la maneno. Mashairi yaliyomo yamegeuka nathari. Na hapa na pale pamechomoza alama ambazo hakuziandika. Wengi huichukulia hali hii kuwa ni kasoro ya sura tu, kazi ya fundi wala si ya mwanalugha. Kwa upande wa Kiswahili, maoni hayo hayakubaliki hata kidogo.

Na tutazame mazungumzo. Mume na mke wanagombana juu ya nyumba ya urithi. Katika mswada, aya moja inasema: "Nyumba hii siiuzi." Akanyamaza kitambo. Aya inayofuata inasema: "Basi nitaondoka." Akaufungua mlango. Msomaji anaelewa mara moja kuwa mmoja amekataa na mwenziwe ameamua kuondoka. Lakini aya hizo zikiunganishwa, mtu aliyekataa kuuza ndiye huyo huyo anayefungua mlango na kwenda zake! Mwandishi wa Kiingereza angeokolewa na viwakilishi vyake, ambavyo hubainisha mume na mke. Kiambishi a- cha Kiswahili hakibagui jinsia, na ka- ya masimulizi huendeleza tendo bila kumtaja mtendaji upya. Kwa hiyo pengo lile baina ya aya limebeba mzigo wa sarufi. Likiondolewa, ndoa iliyokuwa ikivunjika haionekani tena.

Chanzo cha tatizo si siri. Kurasa za intaneti huandikwa kwa lugha ya HTML, ambayo kwa kawaida yake huhesabu nafasi tupu zilizofuatana, hata zikiwa kumi, kuwa ni nafasi moja tu, na mwisho wa mstari huuona kuwa ni nafasi kama nyingine. Aya haipo mpaka itangazwe kwa alama yake maalumu. Tovuti nyingi hukubali mstari mtupu baina ya aya na kuutafsiri kuwa alama hiyo, nyingine hazikubali. Anayebandika maandishi yaliyovuliwa mapambo yote huepukana na takataka zilizofichika za programu ya kuandikia, ila herufi za mlazo nazo humpotea. Basi mwandishi aliyeyatenga kwa mlazo maneno ya Kimvita kinywani mwa bibi mzee hana budi kuyarudia moja moja.

Katika ushairi hasara ni kubwa zaidi. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao, na watunzi wengi hupenda kuvitenga vipande hivyo kwa nafasi pana. Nafasi hiyo ndiyo ya kwanza kumezwa. Hata pale mishororo inapohifadhiwa, kioo chembamba cha simu huikata popote kitakapo, ubeti wa mishororo 4 ukaonekana kuwa na 8 isiyolingana. Mjuzi atahesabu mizani na kusikiliza vina vya kati mpaka aujenge upya. Mwanafunzi ataamini alichokiona. Dawa iliyo nyepesi ni mkato mwishoni mwa ukwapi, kwani mkato ni alama na haumezwi. Wanakili wa kale wa tenzi kwa hati za Kiarabu walikwisha kulitambua jambo hili kwa njia yao: aghalabu waliviandika vipande vinne katika mstari mmoja na kuvitenga kwa alama ndogo za wino. Hawakuyakabidhi mashairi yao kwa uwazi wa karatasi.

Iliyobaki ni ritifaa, na hapa ndipo penye udhia mkubwa. Katika ng' alama hiyo ni sehemu ya herufi. Kung'oa ni kutoa kilichoshika mizizi. Ngoa ni wivu au tamaa. Programu za kuandikia, kwa kudhani zinapamba, huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Katika mfumo wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992, ritifaa iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu, na ukurasa unaosomwa kwa mfumo mkongwe huifanya kila baiti kuwa alama mbali. Hivyo ndivyo ng'ombe anavyotokea akiwa ngâ€™ombe. Tena hata pasipo uharibifu huo, ritifaa mbili zinazofanana machoni ni vitu viwili mbele ya mashine: anayemtafuta ng'ombe kwa alama iliyonyooka anaweza kumkosa aliyeandikwa kwa iliyopinda, ingawa wote wamo katika hadithi moja.

Kwa sasa inafaa kuzima ule urekebishaji wa alama katika programu kabla ya kuanza kuandika, na kushika ritifaa iliyonyooka toka mwanzo hadi mwisho. Orodha ya Unicode inayo pia ritifaa ya tatu, iliyotengwa mahsusi kwa lugha ambazo alama hiyo ni herufi. Kwa nadharia hiyo ndiyo ingetufaa kuliko zote. Lakini katika kibodi ya kawaida haimo, na anayeitaka hulazimika kuinakili kutoka kwingine kila ng'ombe anapoingia katika hadithi.