Bei na Uaminifu wa Bastola

Wapo wanaoamini kwamba bastola ya bei kubwa haikwami, na ya bei ndogo humponza mwenyewe. Katika chuo cha ualimu niliwaasa vijana wasimpime mwanafunzi kwa viatu vyake. Naona silaha nayo ina haki hiyo.

Tazama Wajerumani. Luger, iliyoingia katika jeshi lao la nchi kavu mwaka 1908, ilichongwa kwa ustadi mkubwa, nayo ilikuwa ghali. Mwaka 1938 walichagua Walther P38 ishike nafasi yake, kwa kuwa gharama ya kuitengeneza ilikuwa ndogo zaidi. Haikuwaangusha, hata baada ya vita, jeshi la Ujerumani Magharibi liliitumia kwa jina la P1.

Lakini urahisi nao una mpaka. Mwaka 1942 Marekani ilitengeneza bastola za Liberator zipatazo milioni moja, kila moja kwa gharama isiyofika dola tatu. Ilipiga risasi moja tu, kisha ganda likasukumwa nje kwa kijiti. Hapo ubahili ulikuwa umekula kazi yenyewe.

Basi, ndugu msomaji, bei hulipia jasho la fundi, urembo na jina. Uaminifu hukaa katika springi, magazini, na mkono unaosafisha. Mwenye kuitegemea kwa roho yake asiulize kwanza iliuzwa kiasi gani; aulize imejaribiwa vipi. Ikikwama saa ya hatari, hakuna duka la kuirudisha.